Majina Manne ya Ijumaa

Mwaka wa tisini na saba, mashine ya kiwanda chetu cha chai ilichapa majina ya watu wanne.

Wa kwanza akafa. Wa pili akafa. Wa tatu akafa. Kwa mpangilio ule ule ulioandikwa kwenye karatasi.

Wa nne alikuwa rafiki yangu Owiti. Na karatasi ilikuwa mkononi mwangu.

Wanaonijua watasema, huyo mzee Benard ameanza. Sikatai. Mimi ndiye niliyewaambia watu wa kantini kwamba niliona mvua ya mawe ikimuua fisi na kumchuna ngozi, ikabaki tu kumtundika. Lakini hii ya leo sijaitia chumvi. Ningefurahi sana kama ingekuwa ya uongo.

Sasa sikiliza.

Nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja upande wa Sotik. Jina lake nalimeza, maana wengine bado wako hai na wanajua kusoma. Kompyuta zilipokuja, meneja aliuliza nani ataweza kusoma kitabu cha maelezo. Kilikuwa kinene kama Biblia na Kiingereza chake kigumu kama kwato. Watu wa fomu foo wakatazama dari.

Mimi, darasa la saba, nikainua mkono.

Nilikisoma na kamusi kando, ukurasa kwa ukurasa, mpaka mke wangu Chemutai akaniuliza kama nimeokoka. Kufikia mwisho wa mwaka walikuwa wananiita Injinia. Wachache kwa heshima, wengi kwa kunicheka.

Kazi yangu kubwa ilikuwa tepi.

Mambo yote ya kiwanda yaliishi ndani ya mashine moja kubwa pale ofisini. Kila jioni kabla ya kutoka nilisukuma ndani tepi ndogo, kama kaseti ya redio, mashine ikanakili kila kitu humo. Radi ikipiga, tusipoteze kitu. Na huku kwetu radi hupiga saa tisa mchana karibu kila siku, kama imeajiriwa.

Miaka ikapita. Mwezi wa pili wa tisini na saba akaja Gichana, fundi wa kompyuta kutoka Nairobi, na tai nyekundu na programu mpya ya kuhifadhi.

"Mzee Benard," akaniambia, "hii si kama ile ya zamani. Hii inajifikiria."

Akanionyesha mambo mapya. Ile ya zamani ilinakili kila kitu kila siku, hata barua ambayo haikuguswa tangu mwaka juzi. Hii inachukua kilichobadilika tu. Ikimaliza, inarudi kuisoma tepi yenyewe kuhakikisha hakuna kilichokosewa. Hapo nilivutiwa, maana mimi mwenyewe sijawahi kurudia kusoma nilichoandika.

Lakini jambo alilolisifu mpaka akalegeza tai lilikuwa la tatu. Mashine sasa itajisafisha. Kila sehemu unaipa idadi ya mafaili inayoruhusiwa kubaki. Yakizidi, yale ambayo hayajafunguliwa kwa muda mrefu kuliko mengine yanatolewa na kupelekwa kwenye tepi ya pekee. Hayapotei. Yanalala huko mpaka mtu ayaamshe. Na kila Ijumaa inachapa majina ya yaliyolala.

Akaniuliza idadi. Barua ngapi, mashine za kiwanda ngapi, wagonjwa wa dispensari wangapi. Nikamjibu moja baada ya nyingine, naye akaandika. Alipomaliza akanikabidhi ile tepi ya waliolala.

"Hii usiiache hapa. Moto ukija utachoma mashine na tepi pamoja. Iweke mbali, mahali salama kabisa."

Nikaipeleka nyumbani nikampa Chemutai aiweke mahali salama kabisa. Hiyo shika, tutairudia.

Sasa mambo ya dispensari.

Sista Drusilla, nesi wetu, alitoka upande wa Nyamira, ng'ambo kidogo tu ya Chepilat. Mama mfupi, mkali, na mkono mwepesi wa sindano. Alikuwa na watu wake wa dawa za kila siku: wa presha, wa moyo, wa kifafa, wa pumu, wa sukari. Kila mmoja alikuwa na faili lake kwenye kompyuta. Jumatatu kompyuta ilitoa karatasi ya wale ambao dawa zao zinaisha wiki hiyo.

Karatasi hiyo ilisomwa na nyapara wetu, Kiplimo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watu wote wamesimama, wa kiwandani na wa shambani, wachumaji na vikapu mgongoni. Ukiitwa, unaachiliwa uende kwa Sista. Usipoitwa, unaingia kwenye majani. Hakuna aliyejipeleka. Kumwambia Kiplimo "nasikia vibaya" ilikuwa kama kuliambia jiwe.

Ijumaa ya kwanza baada ya Gichana kuondoka, printa ikalia kidogo tu. Karatasi moja, mistari minne.

Arasa. Kipkemboi. Sally. Owiti.

Wote watu wa Sista. Nikaitundika kwenye msumari nikaenda kunywa chai.

Mzee Arasa alikuwa askari wa geti. Mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, lori la kuni lilipiga honi getini, likapiga tena. Wakashuka kumgombeza wakamkuta amekaa kwenye kiti chake, mkono kwenye komeo. Alishapoa. Presha, watu wakasema. Mzee ni mzee. Tukamzika.

Mwezi wa nne, Kipkemboi wa nasari ya miche alikwenda bwawani kuchota maji ya kumwagilia. Maji yalifika magotini tu. Alikutwa amelala kifudifudi. Kifafa, watu wakasema, kile cha zamani.

Ijumaa hiyo orodha ikatoka tena. Majina yale yale manne. Nikaitazama, nikashusha kidole kwenye majina.

Wa kwanza. Wa pili.

Mtu mwenye akili angekwenda kuuliza. Mimi nilikwenda kantini.

Nilikuwa na hadithi mdomoni, bwana, na hadithi ikishafika mdomoni mwangu hairudi tumboni. Nikawaambia ile mashine mpya inajifikiria. Nikawaambia inajua. Nikawaeleza jinsi ilivyonguruma usiku wa kuamkia kifo cha Arasa, hali usiku huo mimi nilikuwa kitandani nakoroma. Walitaka kujua nani anafuata. Nikajifanya sitaki kusema. Nikasema.

Mwezi wa sita baridi ikashuka, ile ya ukungu unaokaa kwenye chai mpaka saa sita. Mama Sally, mchumaji hodari kuliko wote wa laini ya juu, alikosa pumzi katikati ya mistari ya chai. Wenzake walimbeba kwenye gunia la majani. Walipofika barabarani alikuwa ameacha kukohoa.

Hapo sasa kiwanda kikanyamaza.

Watu wakaanza kuzunguka nyuma ya jengo ili wasipite mbele ya dirisha la kompyuta. Kiplimo akasimama mlangoni kwangu, hakuingia, akasema yeye tangu mwanzo hakupenda kitu kinachohesabu watu. Asubuhi, akasema, yeye huita majina tu. Hajawahi kuhesabu vichwa. Kisha akatema mate pembeni na kuondoka.

Sikumcheka. Hata mimi nililelewa hivyo.

Na Owiti?

Owiti alikuwa mtu wa boila. Tulikaa mlango kwa mlango katika nyumba za kampuni miaka mingi kabla sijajenga kwangu. Alinifundisha kula omena, dagaa wa kwao ziwani, nikamfundisha mursik, maziwa yetu ya kibuyu yenye mkaa, na kila mmoja aliamini mwenzake anakula uchafu. Binti yangu Dorine alipobatizwa, mikono iliyomshika ilikuwa ya Owiti. Huyo hakuwa rafiki wa salamu.

Jumatano moja ya mwezi wa saba, saa saba mchana, akaingia chumba cha kompyuta. Alikuwa mtu wa kwanza kuingia humo kwa wiki tatu. Alivaa koti lake la kanisani. Viatu hakuvifunga kamba. Miguu ilikuwa imevimba, viatu vimefumbua midomo.

"Omera," akasema, yaani ndugu kwa Kijaluo chake, "futa jina langu."

Nikamwambia zile zilikuwa porojo zangu tu.

"Arasa pia ni porojo?"

Nikaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Mimi sijakuja kugombana. Bonyeza pale unapobonyeza, jina litoke. Usiku silali, omera. Nikilala, maji yanapanda mpaka hapa." Akagusa kifua.

Nikamwuliza mbona hajaenda kwa Sista.

"Sijaitwa. Halafu wale watatu walikuwa watu wa nani? Si wa Sista?" Akacheka kidogo, kicheko kikamkata pumzi. "Leo naenda nyumbani. Nimewaona wengi wakirudishwa ziwani wamelala kwenye gari. Mimi nataka kufika nimekaa."

Nikamwambia angoje, nitafuta sasa hivi. Akaketi. Nikafungua orodha, nikaliweka jina lake kwenye skrini, nikabonyeza kufuta. Likaondoka. Nikaifungua tena orodha.

Lilikuwa pale pale.

Nikafuta mara tatu. Likarudi mara tatu.

Nilipogeuka, kiti kilikuwa kitupu. Dirishani nilimwona akishuka barabara ya murram kuelekea njia kuu, sanduku la bati begani, akisimama kila baada ya hatua kumi.

Ningemkimbilia. Lakini ningemwambia nini? Nikafanya kitu pekee nilichowahi kukifanya vizuri maishani. Nikachukua kitabu.

Gichana aliacha kitabu kipya, na mimi, Injinia, sikuwa nimekifungua. Nilimwamini yeye na tai yake. Nikatafuta ile sehemu ya mambo mapya, nikaweka kamusi kando. Nje mbingu ilikuwa inageuka rangi ya sufuria.

Kitabu hakikusema lolote kuhusu kufa. Kilisema majina ya orodha ni ya mafaili yaliyotolewa kwa kuzidi idadi. Kilisema jina halifutiki kwenye orodha kwa sababu faili halimo tena ndani ya mashine; limelala kwenye tepi. Kisha mstari mmoja, wa chini kabisa, wa herufi ndogo. Nilitafuta maneno mawili kwenye kamusi ndipo nikauelewa.

Ulisema hivi: programu nyingine za ofisi hazitaliona faili lililolala. Kwao itakuwa kama halijawahi kuwepo.

Nilisoma mara moja. Halafu nikakumbuka karatasi ya Jumatatu.

Mvua ya mawe ilianza nikiwa katikati ya uwanja. Nilifika dispensari kichwa kikivuja damu.

"Sista, Owiti alichukua dawa lini?"

Drusilla hakuinua macho. "Benard, leo ni hadithi gani? Ile ya fisi?"

"Lini, Sista?"

"Kama hajaitwa, dawa bado anazo. Kompyuta inamjua."

"Muulize."

Nadhani ni ile damu iliyomfanya anisikilize. Akageukia kompyuta yake, akaandika Owiti. Akangoja. Akaandika tena, polepole, herufi moja moja.

Hakuna.

Akaandika Arasa. Hakuna. Kipkemboi. Hakuna. Sally.

Mawe yalikuwa yakipiga mabati hata hatukusikizana, lakini midomo yake niliisoma. *Wameenda wapi?*

Nikamsogelea sikioni nikamwambia nimewalaza kwenye tepi tangu mwezi wa pili.

Basi akaelewa zaidi yangu. Akakaa. Wale wanne, akasema, walikuwa watu wake waaminifu kuliko wote, wasiokosa hata kidonge. Wengine aliwapa dawa za mwezi mmoja mmoja, ndiyo maana mafaili yao yalifunguliwa kila mara. Wale wanne aliwaamini. Arasa, Kipkemboi na Sally aliwapa za miezi mitatu. Owiti, Januari, alimpa za miezi sita. Mafaili yao yakakaa bila kufunguliwa. Mashine ikayaona hayana kazi.

Arasa alichukua wa kwanza, zikamwishia wa kwanza. Halafu Kipkemboi. Halafu Sally.

Dawa ziliwaishia kwa mpangilio ule ule wa karatasi. Kila mmoja akasimama asubuhi akisubiri Kiplimo aite jina lake. Na jina lisiloitwa halipigi kelele.

"Zamani nilikuwa na kitabu," Drusilla akasema. "Nilikuwa nawakumbuka. Mkaniambia mashine itakumbuka."

Mlango ukasukumwa. Kiplimo, maji yakimtoka, akasema kumepigwa simu ofisini. Owiti ameanguka Kaplong, pale njia panda, akingoja gari. Wamemkimbiza hospitali ya misheni. Walimkuta na kadi ya kiwanda mfukoni. Daktari yuko kwenye simu na anauliza mtu huyu hunywa dawa gani, na kama kuna dawa inayomdhuru, maana mwenyewe hawezi kuongea.

Drusilla akashika kichwa. "Iko. Iko moja. Nilimpiga sindano mwaka juzi koo likafunga, nusura nimpoteze. Ni ipi, Mungu wangu? Niliandika."

"Uliandika wapi?" Kiplimo akauliza.

Sote wawili tukaitazama kompyuta.

Nilichukua baiskeli ya Kiplimo. Katika miaka yote ya kiwanda hakuna mtu aliyewahi kuigusa baiskeli hiyo, na yeye alinisukuma kuanza. Nilipita bwawa, nikapita kanisa, mawe ya mvua yakipasuka chini ya magurudumu. Nikaingia jikoni na matope yangu yote.

"Mama Dorine, tepi."

Chemutai alikuwa anakoroga ugali. Akaelekeza mwiko juu.

Darini. Tabut, tunaita sisi, ile dari ya fito juu ya moto, ambako mama zetu waliweka mbegu, vibuyu, na kila kitu ambacho hakitakiwi kuharibika.

"Umeiweka juu ya moshi?"

"Ulisema mahali salama kabisa, Baba Dorine. Mbegu za mama yako zimekaa hapo miaka mingapi? Ziliwahi kuoza?"

Ilikuwa imefungwa kwa karatasi ya nailoni, ndani ya kibuyu kilichopasuka mdomo. Rangi ya plastiki ilishageuka kuwa ya chai. Ilinuka moshi na mkaa wa mursik. Miezi mitano juu ya moto. Niliiweka kifuani nikarudi.

Ofisini Drusilla alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, akimwomba daktari asikate. Nikasukuma tepi ndani.

Mashine ikakohoa. Ikanyamaza. Ikakohoa tena.

Nimeona mambo mengi ya kutisha, mengine niliyatunga mwenyewe. Sijawahi kutishwa kama nilivyotishwa na ile taa ndogo ya kijani, ikiwaka na kuzima, nikiwa sijui kama inasoma au inaaga.

Ikasoma.

Lakini tepi ni kama barabara ya reli. Huwezi kuruka stesheni. Waliolala waliamka kwa mpangilio waliolazwa.

Arasa akaja kwanza. Jina lake, umri wake, presha yake. *Dawa zinaisha tarehe ishirini na nane Februari. Aitwe.*

Kipkemboi. *Aitwe.*

Sally. *Aitwe.*

Mmoja mmoja wakapanda kwenye skrini, watu tuliowazika, kila mmoja akiomba kuitwa. Drusilla alikuwa analia bila sauti, simu sikioni. Kiplimo alivua kofia.

Kisha Owiti.

Drusilla akasoma kila kitu kwenye simu, dawa kwa dawa, na ile ya sindano akaitaja mara mbili. Upande wa pili tulisikia daktari akimpigia mtu kelele airudishe. Ilikuwa tayari kwenye trei.

Simu ikakatwa. Mvua nayo ikaisha ghafla, kama huku kwetu inavyofanya, na jua likatoka kwenye chai yote iliyochanika.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Nilikuwa hata naanza kupanga jinsi nitakavyoisimulia kantini.

Drusilla akajipangusa uso. Akaja akasimama mbele ya mashine.

"Kitu kimoja sielewi," akasema. "Wagonjwa wangu mwezi wa pili walikuwa mia mbili na wanne. Kwa nini mashine iliruhusu mia mbili peke yake?"

Nikainama kuitoa tepi.

"Benard. Nani aliiambia mia mbili?"

Sasa nyinyi mnaosoma, nami naomba mnisikilize kama vile Drusilla alivyonisikiliza.

Mama yangu alizaa, na hadi anaingia kaburini hakuwahi kusema tuko wangapi. Ukimwuliza alijibu, "Wananitosha." Ng'ombe vivyo hivyo. Alitufundisha kwamba watu hawahesabiwi, kwamba anayehesabu watu anamwonyesha aliye gizani mahali pa kuanzia. Na ukibanwa na serikali au mzungu mpaka useme, basi usimalize. Waache wachache nje ya hesabu. Hesabu isipokamilika, haina nguvu ya kudhuru mtu.

Asubuhi ile, kabla Gichana hajafika, nilikuwa nimepitia mafaili ya Sista. Nilijua ni mia mbili na nne. Nilijua kabisa.

Gichana alipouliza, mdomo wangu ukakataa. Nikawaacha wanne nje.

Niliwaacha ili wote wawe salama.

Kiplimo ndiye pekee chumbani aliyeelewa bila kuelezwa. Alinitazama, na katika macho yake niliona kwamba naye, kama angeulizwa, angejibu vivyo hivyo. Akavaa kofia yake akatoka.

Owiti alipona. Wiki ya pili nilimtembelea Kaplong nikiwa na chupa ya mursik ambayo nilijua hatainywa. Nilimweleza yote: nambari, mama yangu, kantini, yote. Kwa mara ya kwanza maishani niliongea bila kuongeza hata neno.

Aliizungusha ile chupa mkononi bila kuifungua.

"Kwa hiyo haikuwa mashine," akasema.

"Haikuwa mashine."

"Ungesema wanne zaidi, omera, siku nitakayotoka hapa Arasa angenifungulia geti."

Hakuniambia amenisamehe. Mwaka uliofuata alistaafu akarudi kwao, na alifika amekaa, kama alivyotaka. Dorine alipoolewa alikuja, akamshika mkono kwenda mbele ya kanisa. Mimi alinisalimia vizuri. Lakini neno omera hakunipa tena.

Mke wa Arasa nilimwendea mwenyewe. Hayo yaliyosemwa hapo nitayaacha hapo.

Dorine ndiye aliyenifungulia ukurasa huu, na ananiambia siku hizi picha na barua zenu zote zinahifadhiwa hewani, hakuna tepi, hakuna dari, mashine inajua yenyewe cha kuweka na cha kulaza. Vizuri. Lakini siku moja iulizeni imelaza nini. Na msingoje Ijumaa.

Funzo langu ni fupi. Mashine haikuwahi kumchukia mtu yeyote. Ilifanya nilichoiambia. Aliyeachwa nje ya hesabu kwa mapenzi na aliyeachwa kwa chuki, wote wawili hawataitwa asubuhi.

Wajukuu wangu wakija Desemba, asubuhi huwa nawasimamisha uani nikiwahesabu kwa kidole, mmoja mmoja, kwa sauti. Chemutai huziba masikio akaingia jikoni, kwenye moshi wake.

Ninao kumi na mmoja.

Wote.